Kutafsiri kitenzi cha Kicheki «štvát» kwa Kiingereza: mwongozo kamili kwa mfasiri anayefikiri kwa Kiswahili

Mtu anayefungua kamusi ya Kicheki na Kiingereza ili apate maana ya kitenzi štvát hupewa maneno mengi kwa mkupuo: «annoy», «bug», «hound», «chase», «incite», «drive». Yote ni sahihi, lakini hayabadilishani nafasi ovyo, na kamusi nyingi hazisemi ni wakati gani lipi litumike. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mwanafunzi au mfasiri anayejua Kiswahili vizuri, anayekisoma Kicheki, na anayetakiwa kutoa matini ya Kiingereza ambayo haitamkwaza msomaji wake.

Njia ninayoipendekeza ina mzunguko kidogo. Kabla ya kuandika neno lolote la Kiingereza, iseme sentensi ya Kicheki kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Sababu ni kwamba Kiswahili kimetenganisha mambo ambayo Kicheki kimeyapika katika chungu kimoja. Anayekuudhi si lazima awe amekuchokoza. Anayekuchokoza huenda asifanikiwe kukuudhi. Na anayekuchonganisha na jirani yako huenda hujawahi hata kumwona. Kuudhi, kuchokoza, kuchochea na kuchonganisha ni vitenzi vinne kwetu, na kila kimoja kina mlango wake wa kuingilia Kiingereza, ilhali Mcheki huweza kutumia štvát, au neno lililonyambuliwa kutoka hapo, kwa yote manne.

Kwanza matamshi, kwa kuwa herufi zake zinatisha bila sababu. Herufi š ni «sh» ya shamba, na alama iliyo juu ya á inaonyesha kwamba irabu inavutwa. Neno zima ni silabi moja: shtvaat. Katika wakati uliopo linakuwa štvu, štveš, štve, štveme, štvete, štvou, na wakati uliopita ni štval kwa mwanamume na štvala kwa mwanamke.

Hatua ya kwanza: anzia porini

Maana ya msingi ya štvát ni kumfukuza mnyama kwa mbwa mpaka achoke. Katikati ya jiji la Praha, ndani ya mto Vltava, kuna kisiwa kinachoitwa Štvanice, na jina hilo limetokana na mapambano ya kuwachokoza wanyama kwa mbwa yaliyokuwa yakifanywa pale kama burudani ya watu wa mjini. Leo kisiwa hicho kinajulikana zaidi kwa uwanja wa tenisi. Nomino yenyewe, štvanice, bado inatumika: ni msako wa mbwa, na kwa sitiari ni kampeni ya kumwandama mtu. Mediální štvanice, kwa mfano, haitafsiriwi kuwa «media hunt», bali «media witch-hunt».

Picha hii ya mnyama asiyepewa nafasi ya kupumua ndiyo ufunguo wa maana zote zinazofuata. Mtu anaposema to mě štve, yaani jambo hili linanikera, kihistoria anasema kwamba jambo hilo linamkimbiza. Mcheki wa leo haoni tena mbwa anapolitamka, kama nasi tusivyoona kijiti kinachochokoa tunaposema fulani ni mchokozi. Hata hivyo mfasiri anapaswa kuwakumbuka mbwa hao, kwa sababu mara kwa mara mwandishi hodari huwafufua kwa makusudi.

Hatua ya pili: tazama kinachokifuata kitenzi

Hapa ndipo makosa mengi yanapoweza kuzuiwa mapema. Usitafsiri kitenzi peke yake. Tazama yambwa, yaani anayetendewa au kinachotendewa, na kihusishi vilivyoambatana nacho.

Ikiwa kuna mbwa pamoja na kihusishi cha Kicheki «na», kama katika štvát psy na někoho, Kiingereza kinataka «set the dogs on someone». Ikiwa yambwa ni farasi, ni «drive hard», yaani kumwendesha mnyama kupita nguvu zake, na ikiwa mtu anajifanyia hivyo mwenyewe kwa kazi, štvát se, bado «drive oneself too hard» inafaa. Ikiwa yambwa ni watu na kuna kihusishi proti, kinachomaanisha dhidi ya, basi umetoka kabisa katika eneo la kero na kuingia katika uchochezi: «incite», «stir up», au «turn against». Sentensi Soused štve lidi v domě proti sobě inasema kwamba jirani anawachonganisha wakazi wa jengo, na tafsiri yake ni «The neighbour is turning people in the building against each other». Anayeona lidi na kukimbilia «annoys people» atakuwa amemsingizia jirani kosa dogo kuliko alilolitenda.

Maana hii ya uchochezi inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu imebeba historia nzito. Katika miaka ya utawala wa Kikomunisti nchini Chekoslovakia, kuanzia 1948 hadi 1989, neno štváč, yaani mchochezi, lilikuwa silaha ya propaganda. Madola ya Magharibi yaliitwa váleční štváči, na kwa hilo Kiingereza kina neno lake tayari, «warmongers». Redio za nje zilizotangaza kwa Kicheki, hasa Radio Free Europe iliyokuwa ikirusha matangazo kutoka Munich, ziliitwa štvavé vysílačky, yaani redio za uchochezi. Hapo mfasiri hana budi kuchagua. «Hostile» linasema uadui tu, na «subversive» linasema kuipindua serikali. «Inflammatory» liko karibu zaidi, kwa kuwa lina moto wa kuwachochea watu ndani yake. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana katika magazeti na mahakama zetu neno uchochezi linabeba harufu ileile ya serikali inayomnyooshea mtu kidole. «Seditious» nalo ningelihifadhi kwa matini za kisheria pekee. Jambo la kulinda ni sauti ya mshtaki: štvavý si maelezo ya mtu asiyeegemea upande, ni lawama, na Kiingereza lazima kisikike kikilaumu. Radio Free Europe ilihamia Praha mwaka 1995, katika mji uleule uliokuwa ukiilaani, na Wacheki wengi leo hulitamka neno štvavé vysílačky kwa kejeli. Katika matini ya namna hiyo, alama za kunukuu zinamtosha msomaji wa Kiingereza.

Ikiwa hakuna mbwa, hakuna farasi na hakuna proti, na yambwa ni mtu au watu walio hai, mara nyingi kwa umbo fupi kama mě, tě, ho, ji au nás, basi umefika kwenye maana ya kila siku: kukera, kuudhi, kutia hasira. Sehemu iliyobaki ya mwongozo huu inahusu hasa maana hiyo.

Hatua ya tatu: soma kiambishi awali

Sisi hunyambua vitenzi kwa nyuma: chokoza, chokozana, chokozeka. Mcheki huongeza kipande mbele, na kipande hicho hubadilisha maana pamoja na hali ya tendo. Naštvat ni kumkasirisha mtu, tendo likiwa limekamilika. Poštvat ni kumchochea mtu au mbwa amwendee mwingine. Rozeštvat ni kuwafarakanisha waliokuwa pamoja. Vyštvat ni kumfukuza mtu kwa kumsumbua mpaka aondoke mwenyewe, «drive out» au «hound out». Uštvat ni kumwandama hadi aishiwe nguvu, na kivumishi uštvaný kinamfaa mama anayerudi kazini jioni akiwa na mifuko miwili na mtoto mgongoni: «harried», au «worn out».

Hatua ya nne: uliza kama ilikuwa makusudi

Kitenzi štvát hakisemi chochote kuhusu nia. Mvua huweza ku-štvát, kiatu kinachobana huweza, na mtu asiyejua kwamba anakera huweza pia. Kiingereza «annoy» kina sifa hiyohiyo, na ndiyo maana ni tafsiri salama. Lakini pale ambapo nia imetajwa, Kiswahili chako kitakugeuzia neno chenyewe kutoka kuudhi hadi kuchokoza, na hapo ujue kwamba Kiingereza nacho kinataka kitu kingine. Dělá to jen proto, aby mě naštval: anafanya hivyo ili anichokoze tu. «He only does it to annoy me» si kosa, lakini kwa msomaji wa Uingereza «He only does it to wind me up» lina uhai zaidi, kwa kuwa «wind up» ni kumkaza mtu kama saa ya kizamani, tena kwa makusudi. Msomaji wa Marekani anaweza asilichukue vizuri, hivyo kwake bakia na «to get a rise out of me» au na «annoy».

«Provoke» ni mtego. Linafanana na provokovat ya Kicheki, na wengi huliona kama zawadi. Lakini provokovat huweza kusimama bila yambwa, ilhali «provoke» la Kiingereza linataka mtu wa kuchokozwa. Neprovokuj! haiwezi kuwa «Don't provoke!». Kulingana na mazingira itakuwa «Don't push it», «Stop stirring» au «Stop trying to start something», yaani acha uchokozi. Zaidi ya hayo, «provoke» linaashiria kwamba kuna jibu linalotarajiwa, pigo au ghadhabu. Mvua haim-«provoke» mtu.

Hatua ya tano: pima muda wa tendo

Kicheki hutenganisha tendo linaloendelea na tendo lililokwisha kwa kutumia vitenzi viwili. Štval mě inasema kwamba alikuwa akinikera, kwa kipindi fulani. Naštval mě inasema alinikasirisha, mara moja, na hasira ikawa imefika. Kiingereza hakina jozi hiyo, kwa hiyo tofauti lazima ibebwe na kitu kingine: ya kwanza «he used to annoy me» au «he kept annoying me», ya pili «he made me angry».

Makatazo ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa sababu Kiswahili kinaishinda kamusi waziwazi. Neštvi ho! ni acha kumuudhi: mtu tayari anaudhi, au ana tabia hiyo. Nenaštvi ho! ni usije ukamuudhi: onyo kwa mtu asiye na nia mbaya, ili jambo lisitokee kwa bahati mbaya. Kipande chetu «usije uka-» kinafanya kazi ileile ambayo Mcheki huifanya kwa kugeuza hali ya kitenzi. Anayeziweka sentensi zote mbili katika «Don't annoy him» amepoteza kilichozitenganisha. Andika «Stop annoying him» kwa ya kwanza, na «Mind you don't upset him» au «Careful not to get on his bad side» kwa ya pili.

Hatua ya sita: mpe Mwingereza kiima anachokizoea

Kicheki huweka jambo kuwa kiima na mtu kuwa yambwa: Štve mě, že zase prší, inanikera kwamba mvua inanyesha tena. «It annoys me that it is raining again» ni Kiingereza halali kisarufi, lakini kina harufu ya darasani. Mwingereza angejiweka mwenyewe mbele: «I'm sick of this rain», kama nasi tunavyoweza kusema nimechoshwa na mvua hii. Co tě na tom štve nejvíc? haihitaji mageuzi hayo: «What bothers you most about it?». Hakuna kanuni moja. Isome kwa sauti, na ikiwa unasikia mwanafunzi akijibu mtihani, geuza kiima.

Kitenzi kikishakuwa kivumishi, kihusishi nacho hugeuka. Jsem na tebe naštvaná, anasema mwanamke, ni «I'm angry with you» kwa Uingereza na «I'm mad at you» kwa Marekani. Huko Uingereza «mad» peke yake kwa kawaida ni mwendawazimu. Jinsia ya msemaji, iliyo wazi katika Kicheki, inapotea katika Kiingereza kama inavyopotea katika Kiswahili, na ikiwa ni muhimu kwa hadithi itabidi uirudishe kwa njia nyingine. Epuka «upset» hapa, kwani linaelekea kwenye huzuni, na naštvaný hana huzuni, ana hasira.

Hatua ya saba: pima ukali na adabu

Štve mě to ni lugha ya mazungumzo, lakini si tusi. Mtoto anaweza kuisema mbele ya bibi yake bila kukemewa. Haifai katika barua rasmi, na mtu anayeiona katika barua rasmi ajue kwamba mwandishi amepandwa na hasira kweli. Kwa hiyo «It pisses me off», ambalo utalikuta mara nyingi katika tafsiri za mazungumzo ya filamu, ni kali kuliko asili yake. Hilo lihifadhiwe kwa «sere mě to» na kwa kitenzi «nasrat», ambayo ni matusi ya wazi na ambayo mgeni hashauriwi kuyajaribu kabla hajajua aliyekaa naye mezani ni nani. Kwa štve mě ya kawaida, «it bugs me», «it gets on my nerves» na «it really annoys me» zinatosha.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nikitafsiri barua ya mwenzangu aliyeeleza kwamba alitoka katika mkutano akiwa naštvaná, niliandika «she was pissed», nikiamini nimepata neno la mitaani linalolingana. Msomaji alikuwa Mwingereza. Huko Uingereza neno hilo bila «off» ni kulewa, na ilichukua siku mbili na barua nyingine kumweleza kwamba mwenzangu hakuwa ameonja chochote zaidi ya kahawa.

Maneno ya jirani

Štvát halitembei peke yake, na mara nyingi uamuzi sahihi hupatikana kwa kuangalia mwandishi hakutumia neno gani. Otravovat linatokana na sumu, na ni usumbufu wa kung'ang'ania: «pester» kwa mtoto anayeomba pipi mara kumi. Mcheki mwenye adabu huanza ombi kwa Nechci otravovat, ale, na hapo «Sorry to bother you, but» ni sawasawa kabisa na samahani kwa usumbufu. Zlobit ni utundu wa mtoto, lakini pia Zlobí mě koleno, goti linanisumbua, «My knee is giving me trouble». Dráždit ni «irritate», kwa ngozi na kwa mtu pia. Vytočit ni kitenzi cha kuzungusha, kilekile kinachotumika kwa kupiga namba ya simu, na Vytočil mě ni hasira ya kiwango cha juu, «He made me furious».

Nahau zina mitego yake. Pije mi krev, neno kwa neno ananinywa damu, itamdanganya Mswahili haraka zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, maana kwetu anayenyonya damu ni mnyonyaji, mtu anayefaidi jasho la wengine. Mcheki anamaanisha tu kwamba fulani anamchosha roho: «He drives me mad». Hnout někomu žlučí, kuitikisa nyongo ya mtu, tunaielewa bila mkalimani, na «make someone's blood boil» inaibeba vizuri ingawa imehama kiungo.

Škádlit ni upande wa furaha wa uchokozi, nao una methali: Co se škádlívá, to se rádo mívá, wanaochokozana ndio wanaopendana. Mtanzania aliyekulia katika utani wa makabila hahitaji maelezo. «Tease» ndilo neno, lakini liwekwe pamoja na kitu kinachoonyesha upendo, kwa sababu «tease» pekee linaweza pia kuwa uonevu wa shuleni.

Hatua ya nane: hakiki

Kwa maumbo ya kitenzi, fungua Internetová jazyková příručka, mwongozo wa mtandaoni wa taasisi ya lugha ya Kicheki, unaoonyesha mnyambuliko wote. Kwa maana za zamani, Slovník spisovného jazyka českého, kamusi kubwa iliyochapishwa kati ya 1960 na 1971, inapatikana mtandaoni na inaonyesha wazi ngazi ya kila matumizi. Kwa Kiingereza, tumia Treq, zana ya bure ya Kongoo la Taifa la Kicheki (mkusanyiko mkubwa wa matini za kuchunguzia lugha), ambayo huorodhesha tafsiri za neno pamoja na idadi ya mara zilivyotumika katika InterCorp, hazina ya matini sambamba za lugha nyingi. Lakini angalia matini hizo ni za aina gani. InterCorp ina riwaya, ina nyaraka za Umoja wa Ulaya, na ina maandishi ya filamu. Neno linaloshinda kwa wingi kwa sababu ya filamu halifai kwa riwaya, na la nyaraka halifai kwa yeyote anayezungumza jikoni.

Kisha jaribu kifungu kizima. Soused mě štve už dva roky. Nejdřív jsem si myslel, že to nedělá schválně, ale včera mě naštval doopravdy: poštval na mě správce domu. Kiswahili kwanza: Jirani yangu ananikera, huu mwaka wa pili sasa. Mwanzoni nilidhani hafanyi makusudi, lakini jana alinikasirisha kwelikweli: alimchochea msimamizi wa nyumba aniandame. Maumbo matatu ya kitenzi kimoja, na Kiswahili kimetoa vitenzi vitatu. Tendo la kwanza linaendelea, na Kicheki kimetumia wakati uliopo pamoja na už dva roky, hivyo Kiingereza kinataka «has been». La pili limekwisha. La tatu lina mbwa ndani yake, na ni vyema wabaki. «My neighbour has been getting on my nerves for two years now. At first I thought he wasn't doing it on purpose, but yesterday he really made me angry: he set the building manager on me.»